Jina Moja Chini ya Tandiko

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye haraka aende sasa, maana hadithi hii ni ya ubishi, na ubishi haujui saa. Mara ya mwisho niliisimulia harusini huko Haubi, bwana harusi akashikana maneno na shemeji yake mpaka pilau likapoa. Kwa hiyo leo natoa sharti moja tu: hakuna kubisha mpaka nifike mwisho. Hata wewe uliyeshaanza kukunja uso, subiri.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Swalehe, seremala, Mrangi wa pale pale Kondoa mjini. Kipaji chake kilikuwa jichoni. Ukimletea mguu mmoja wa kiti kilichovunjika, anakuchorea kiti kizima, na anakuambia aliyekuwa akikikalia alikuwa mnene na alipenda kuegemea kushoto. Watu walikuwa wanakwenda kuhakikisha, wanakuta ni kweli.

Wa pili ni Udaweda, mama wa Kidatoga kutoka upande wa mlima Hanang'. Kipaji chake kilikuwa mkononi. Ngozi ya ng'ombe ambayo wengine wangeitupia mbwa, yeye aliiloweka, akaikwangua, akaipaka mafuta, akaikanyaga kwa miguu siku nzima huku anaimba, na ikitoka hapo unaikunja kama khanga. Mshono wake ulikuwa haupitishi maji. Hakuwa msemaji. Alikuwa wa kujibu anapoulizwa, na ukimuuliza upuuzi hajibu.

Wa tatu ni Ntandu, mzee wa Kinyaturu kutoka Singida. Huyu usimpe nyundo, atajigonga kidole. Kipaji chake kilikuwa kwa mnyama. Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja kwa miaka ishirini na miwili. Angeweza kupitisha kiganja mgongoni mwa farasi akakwambia jana alibeba nini, na aliyembebesha alikuwa na hasira au hakuwa nayo. Mwembamba, mkavu, mwepesi, na mdomo wake ulikuwa haupumziki.

Sasa mnajua Warangi na Wanyaturu ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia kichwani, akakwambia baba yako alinunuliwa kwa debe la mtama, na huruhusiwi kukasirika. Siku ya kwanza Ntandu kukutana na Swalehe alimwambia, "Ninyi Warangi mmeujua msumari juzi tu, zamani mlikuwa mnafunga milango kwa mate." Swalehe akajibu kwamba Wanyaturu mpaka leo hawana milango, kwa sababu hawana cha kuibiwa. Wakacheka, wakawa marafiki hapo hapo.

Aliyewakutanisha hao watatu ni Bi Mwanaidi, bibi wa miaka themanini na ushee, mwenye nyumba ya dari karibu na chemchemi. Babu yake alikuwa saisi katika ile vita ya Wajerumani na Waingereza, walipofika Kondoa askari wapanda farasi. Mbung'o wakawamaliza farasi wale, mmoja baada ya mwingine. Farasi aliyekuwa akimtunza babu naye alipokufa, babu alivua tandiko, akalibeba kichwani siku tatu mpaka nyumbani. Watu wakamwambia, "Umerudi na tandiko bila farasi, una akili?" Akaliweka darini, na huko likakaa miaka mia na zaidi.

Mwaka aliowakutanisha hao watatu, watu wa Kondoa walikuwa wanatengeneza nyumba ndogo ya kumbukumbu, kwa ajili ya wabeba mizigo na masaisi waliokufa katika vita ile bila hata kaburi. Wakapanga siku. Siku hiyo farasi angetembea kutoka Kolo mpaka mjini, amevaa tandiko la kivita, na watu wangemfuata kwa miguu. Bi Mwanaidi akasema tandiko analo. Akapandishwa mtu darini. Akashusha kitu ambacho ungeweza kukidhania kichuguu.

Mchwa walikuwa wamelila. Mbao zote za ndani zimeliwa, ngozi imebaki vipande viwili, kimoja ni bawa la ubavu wa kushoto, lile linaloning'inia chini ya mguu wa mpandaji. Bi Mwanaidi alilia. Alilia kweli, mbele za watu, kwa sababu kitu pekee ambacho babu yake alikithamini kuliko maneno ya watu, yeye alikuwa amekiacha kikaliwa juu ya kichwa chake mwenyewe huku amelala.

Alipomaliza kulia akasema, "Litengenezwe jingine, vile vile lilivyokuwa. Na atakayelitengeneza nitamwandika jina."

Hapa nyoosheni masikio. Chini ya lile bawa la kushoto, upande wa ndani usioonekana, palikuwa na jina limechomwa kwa chuma cha moto. Herufi tatu tu ndizo zilizobaki. Na babu alikuwa amewaeleza wajukuu maana yake. Alisema, kila tandiko lina jina la mtu mmoja, na mmoja tu. Farasi akirudi na kidonda mgongoni, mkubwa wa askari anainua bawa, anasoma jina, anasema, "Niitieni huyu." Na farasi akimaliza safari mgongo wake mzima, anainua bawa vile vile, anasoma jina, anasema, "Niitieni huyu." Kwa hiyo jina lile lilikuwa sifa na lilikuwa dhamana, vyote kwa pamoja.

Kila mmoja wa wale watatu alilitaka jina lake pale. Sitawaficha sababu zao.

Swalehe alikuwa ametengeneza nusu ya milango ya Kondoa, na hakuna mlango hata mmoja ambao mtu anaugonga akasema, huu ni wa Swalehe. Udaweda, maisha yake yote, ngozi zake zilinunuliwa mnadani na watu waliokwenda kuziuza mbali wakisema, "Hii ni ngozi ya Wamang'ati," jina ambalo watu wake hata hawalipendi, kana kwamba ng'ombe walijilainisha wenyewe. Na Ntandu? Kazi ya saisi ni kufagia, kusugua, kulisha, na asubuhi inayofuata unaanza upya. Miaka ishirini na miwili, alipoondoka shambani hakuna kilichobaki cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwapo. Alisema mwenyewe, bila utani siku hiyo, "Nikifa, hakuna hata ukuta utakaojua."

Basi wakaanza.

Swalehe alikichukua kile kichuguu akakaa nacho siku nne bila kugusa msumeno. Mke wake akadhani amepatwa na wazimu. Siku ya tano akagundua jambo ambalo mimi na wewe tusingeligundua: mchwa anapokula ubao anaacha udongo mahali pa ubao. Ubao umekwisha, lakini udongo umebaki na umbo lake. Swalehe akaufuata ule udongo kwa kidole, taratibu, akapima kila pindo kwa kamba, na kutoka kwenye udongo akazisoma mbao. Akatafuta mti wa mringaringa, kwa sababu ni mwepesi na haupasuki ovyo, akachonga ubao wa kulia, ubao wa kushoto, upinde wa mbele na upinde wa nyuma.

Katikati akakuta pengo. Kati ya ubao wa kulia na wa kushoto, pale unapopita uti wa mgongo, hapakuwa na ubao wala udongo, palikuwa peupe kabisa. Swalehe akatikisa kichwa akasema, "Hapa mchwa hawakuacha hata mabaki."

Ndugu zangu, sisi wa Kondoa ni watu wa punda. Punda ndiye anayetubebea maji, mahindi, na wakati mwingine bibi harusi. Na tandiko la punda wetu ni bapa, linavuka mgongo kutoka ubavu hadi ubavu, limejazwa nyasi chini, basi. Swalehe alikuwa ametengeneza matandiko ya punda tangu ana ndevu tatu. Kwa hiyo akachonga ubao wa katikati, akaupiga randa mpaka ukang'aa, akaziba pengo. Ulikuwa ubao mzuri kuliko zote. Aliupitishia kiganja kila alipopita karibu nao.

Udaweda alipopata lile bawa la ngozi alilinusa kwanza. Kisha akachukua unyasi, akapima nafasi ya matundu ya sindano: matundu manane katika upana wa vidole viwili, hayazidi, hayapungui. Akalainisha ngozi mbili, nene kwa kiti na nyembamba kwa mabawa. Akashona kwa sindano mbili, moja inatoka huku, nyingine inatoka kule, zinapishana kwenye tundu moja, ili uzi ukikatika upande mmoja upande wa pili ushike. Alishona mishono zaidi ya elfu na hakuna aliyemsikia akilalamika, ingawa vidole vilimvimba.

Na huyo Udaweda aliona kitu. Katika kile kipande cha pili cha ngozi ya zamani, cha kiti, palikuwa na mstari wa matundu katikati upande wa kulia na mstari mwingine upande wa kushoto, kama ukingo wa mfereji. Akajiuliza, kama hapa palikuwa na ubao mzima, kwa nini walishona kingo mbili? Akamtazama Swalehe, akautazama ule ubao unaong'aa. Akanyamaza. Alijiambia, "Mimi ni wa ngozi. Mbao zina mwenyewe." Akashona juu ya ubao.

Ntandu alikuja siku ya Alhamisi na farasi wa kuazima, jike la rangi ya tende, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Tende. Akaleta sufi ya kondoo ya kujazia mito ya chini. Akaliona tandiko, akalizunguka mara mbili, akacheka. "Mtani," akamwambia Swalehe, "farasi ulimwona wapi wewe? Hiki si tandiko, ni kitanda cha punda. Umesahau mto na shuka."

Watu waliokuwapo wakaangua kicheko. Swalehe naye akacheka, akamjibu, "Mnyaturu akiona kitanda lazima ashangae, kwao wanalala wima." Kicheko kikazidi. Ntandu akafungua mdomo, akataka kusema jambo, akaona watu wanavyofurahi, akajibu kwa utani mwingine. Likaishia hapo. Akajaza mito ya sufi, akaifunga chini, akamtandika Tende.

Siku ya majaribio Ntandu alipanda farasi Kolo asubuhi. Hawajafika nusu ya njia, Tende akaanza kulaza masikio nyuma na kufupisha hatua. Ntandu akashuka. Hakupanda tena. Akamwongoza kwa hatamu, kwa miguu yake mwenyewe, jua la saa sita, mpaka uani kwa Bi Mwanaidi. Akavua tandiko. Juu ya uti wa mgongo palikuwa pamevimba, ukubwa wa yai la kuku.

Ntandu hakuwa na utani wowote.

Bi Mwanaidi akatoka, akaona uvimbe, akaweka kiganja karibu nao bila kuugusa. Kisha akainua bawa la kushoto, ambalo bado lilikuwa tupu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimwite nani?"

Swalehe akamtazama Udaweda. Udaweda akamtazama Ntandu. Ntandu akamtazama Swalehe.

"Mito ilijazwa vibaya," Swalehe akasema.

"Mimi nilisema," Ntandu akasema. "Mbele ya watu wote nilisema hiki ni kitanda cha punda."

"Ulisema kama mtani. Mtani akisema nyumba inaungua, nani anatafuta maji?"

"Na ukweli ukisemwa kwa kicheko unaacha kuwa ukweli?"

Udaweda alikuwa anatazama chini. Bi Mwanaidi akamgeukia. "Na wewe, mwanangu?"

"Niliona kingo mbili, Bibi," akasema Udaweda. "Nilijua hapa katikati panatakiwa kuwa wazi. Sikusema."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Bi Mwanaidi akakaa kwenye kigoda chake. Akasema, "Juzi jina lilikuwa moja na mlikuwa watu watatu. Leo jina ni moja na hakuna mtu." Akaingia ndani, akawaacha uani na farasi.

Wengine wangeondoka, na mimi nisingewalaumu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na nusu ya mji ilikuwa imeshaanza kumwita Swalehe Fundi Kitanda. Lakini hakuna aliyeondoka.

Swalehe alichukua msumeno, akakata ule ubao wa katikati. Nisikilizeni vizuri: hakumpa mtu mwingine akate, wala hakuukata gizani. Aliukata pale uani, mchana, na watoto wanatazama juu ya ukuta. Ulipotoka, tandiko lote likalegea, kwa kuwa alikuwa ameliegemeza kwenye ubao ule. Ikabidi achonge upya pinde zote mbili, wa mbele na wa nyuma, zishikilie mbao mbili bila msaada wa katikati. Alirudi kwenye udongo wa mchwa, akausoma tena tangu mwanzo. Safari hii palipokuwa peupe akapaacha peupe, uti wa farasi upite bila kuguswa. Alimwambia mke wake, "Mara ya kwanza nilisoma nilichokuwa nakijua tayari." Aliaibika kusema hivyo, lakini alisema.

Udaweda alifumua mishono mia nne. Kufumua si kazi, mtaniambia. Basi nendeni mkajaribu. Ngozi ile ilikuwa imeshatobolewa, na ukitoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani inachanika kama karatasi. Ilimbidi aurudishe uzi katika tundu lile lile, kila moja, sindano mbili, na ngozi imeshakauka kwa umbo la ubao ambao haupo tena. Alichemsha maji, akaifukizia mvuke kidogo kidogo mpaka ikakubali umbo jipya. Na kila jioni, kabla ya kuondoka, huyu mama asiye msemaji alisimama mbele ya Swalehe akataja kila alichokiona siku hiyo, hata visivyo na maana. "Upinde wa nyuma una nundu kushoto. Uzi wa leo ni mnene kuliko wa jana. Mbuzi wako amekula kamba." Swalehe hakuwa na mazoea hayo, lakini alisikiliza, na ile nundu kweli ilikuwapo.

Ntandu alikaa na Tende mpaka uvimbe ukaisha. Siku tisa, kitambaa cha maji baridi asubuhi na jioni. Kisha akaja na unga mweupe. Akamnyunyizia farasi mgongoni, akaweka tandiko taratibu, akalifunga, akalifungua, akalinyanyua. Pale tandiko lilipogandamiza, unga ulikuwa umeondoka. Palipoelea, unga ulikuwa umebaki. Akatoa sufi kidogo mto wa kulia, akaongeza mto wa kushoto, akanyunyiza tena. Mara kumi na moja alifanya hivyo. Bi Mwanaidi akamuuliza kama anapika farasi au anamtandika. Na katika siku zote hizo, kila alipokuwa na neno la kazi, aliivua kofia yake kwanza, akaishika mkononi, ndipo akasema. Wote wakaelewa: kofia ikiwa kichwani ni utani, kofia ikiwa mkononi ni kweli.

Siku ikafika. Kutoka Kolo mpaka mjini, tangu asubuhi mpaka alasiri, Ntandu juu ya Tende, na watu nyuma yake kwa mamia, wengine wamebeba mizigo kichwani kama walivyobeba babu zao. Masikio ya Tende yalikuwa mbele njia nzima. Walipofika, watu wakasongamana kutazama, maana habari ya lile yai la kuku ilikuwa imeenea mpaka Babati. Ntandu akashuka. Akalegeza mshipi, akanyanyua tandiko juu kabisa.

Mgongo wa Tende ulikuwa na mabaka mawili ya jasho, moja kila upande, sawa sawa. Katikati, juu ya uti, mstari mkavu kutoka begani mpaka kiunoni. Hakuna uvimbe, hakuna hata unywele uliosuguliwa.

Watu wakapiga vigelegele. Bi Mwanaidi hakupiga. Alimwendea yule farasi, akalaza shavu lake kwenye ule mstari mkavu, akakaa hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anazungumza na babu yake, lakini siwezi kuapa.

Kisha akaagiza chuma kiwekwe motoni.

Swalehe akasema, "Bibi, bila umbo hakuna tandiko. Lilikuwa udongo, mimi nikalitoa kwenye udongo. Na kosa lilikuwa langu, nikalikata kwa mkono wangu."

Udaweda akasema, "Farasi haguswi na mbao, wala mpandaji haguswi na mbao. Kinachowashika wote wawili ni ngozi. Na jina linachomwa kwenye nini?"

Ntandu akavua kofia. "Lilikuwa zuri mara ya kwanza pia," akasema. "Zuri sana. Likamuumiza. Tandiko zuri na tandiko linalofaa, kati yake pana unga wangu."

Mtu mmoja kwenye umati, wa wale wasiokosekana, akapaza sauti, "Si waandikwe wote watatu, yaishe?"

Bi Mwanaidi akamgeukia. "Nimeshawahi kuuliza nimwite nani, wakiwa watatu," akasema. "Walitazamana. Jina la watatu ni la mtu gani? Babu yangu alisema moja, na mimi nitachoma moja." Kisha akawageukia mafundi. "Kila mmoja amejisemea, na nimesikia. Sasa kila mmoja aniambie, kama si yeye, awe nani."

Chuma kilikuwa kimeanza kubadilika rangi.

Swalehe akasema, "Kama si mimi, awe Udaweda. Aliyeona kosa langu akanyamaza, kisha akajifunza kusema. Kunyamaza kulikuwa rahisi kwake kuliko kupumua, najua."

Udaweda akasema, "Kama si mimi, awe Ntandu. Siku ile angeweza kuendelea kupanda afike mjini kwa heshima. Alishuka akatembea."

Ntandu alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Akasema, "Kama si mimi, awe mtani wangu. Nimeishi na mabwana wengi. Sijawahi kumwona mtu akikata kazi yake nzuri kuliko zote mbele ya watoto wanaomcheka."

Kwa hiyo hesabu, mkiitaka, ni hii: kila mmoja ana kura moja, na kila mmoja amewahi kumuumiza yule farasi.

Bi Mwanaidi alikitoa chuma motoni kwa kitambaa. Alilikunja bawa la kushoto, upande wa ndani ukawa juu, ngozi safi isiyo na alama.

Na hapo ndipo ninapoishia. Msinitazame hivyo, nilisema mapema hii ni ya ubishi, na sasa mnaruhusiwa. Wewe wa pembeni uliyekuwa unakunja uso, anza wewe. Chuma kikiwa mkononi mwako, ungechoma jina la nani? Lakini usilitaje jina kwa sababu mwenyewe atafurahi. Litaje ukijua kwamba Tende atatandikwa tena mwakani, na mwaka utakaofuata, na siku moja huenda akarudi na kidonda, na mtu ambaye hajawahi kumwona yeyote kati ya hawa watatu atainua lile bawa, atasoma, atasema, "Niitieni huyu." Je, ungetaka aje nani?